Jinsi ya kuonyesha metali za mpito zinavyofanya kazi ya kichocheo, hata kama maabara yenu haina kitu

Haya maswali yanarudi kila muhula jamani. Kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, kinaisha au hakiishi? Mbona ya kwangu haitoi povu? Mrututu nao ni kichocheo? Naweza kutumia pamanganeti ya duka la dawa? Nimechoka kujibu moja moja, kwahiyo naweka yote hapa, mtu akikuuliza tena mtumie asome. Nimewalenga wanafunzi wa kidato cha tatu mpaka cha sita, walimu ambao maabara yao ni kabati lenye kufuli na sinki lisilotoa maji, na yeyote mwenye hamu ya kuona mwenyewe badala ya kukariri.

Kabla hatujaenda mbali, shika hili: povu siyo ushahidi. Watu wengi wanamwaga unga mweusi kwenye haidrojeni peroksaidi, linaruka povu, wanapiga makofi, wanaandika "kichocheo" kwenye daftari na kufunga hesabu. Hapo hujathibitisha kitu, maana hata asidi na magadi vinatoa povu na hakuna kichocheo pale. Kusema umeonyesha kichocheo inabidi uonyeshe mambo matatu: mmenyuko umekwenda haraka zaidi, kiasi cha gesi mwishoni hakijaongezeka, na ule unga bado upo wote na unaweza kufanya kazi tena. Huu mwongozo wote unazunguka hapo.

Nadharia kidogo, halafu basi

Haidrojeni peroksaidi (H2O2) inavunjika yenyewe kuwa maji na oksijeni, ila polepole sana, ndiyo maana inakaa dukani miezi. Metali za mpito kama manganizi, chuma, shaba na kobalti zina uwezo wa kubadili hali ya oksidisho, yaani zinatoa elektroni na kuzipokea tena bila shida, kwahiyo zinaupa mmenyuko njia nyingine rahisi zaidi ya kupita. Zikiwa unga usioyeyuka kazi inafanyika juu ya uso wa unga, zikiwa zimeyeyuka ayoni zenyewe zinaingia kwenye mchezo, zinabadilika, zinarudi kama zilivyokuwa. Zinki iko jirani kabisa na shaba kwenye jedwali lakini ayoni yake ina hali moja tu, haibadiliki, na tutaitumia kama shahidi wa upande wa pili. Inatosha.

Vya kuandaa

- Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, kwenye chupa nyingine imeandikwa "volyumu 10". Kwa hatua za kobalti, peroksaidi ya asilimia 6 ni nzuri zaidi, lakini nitaeleza namna ya kutumia hiyohiyo ya 3.
- Manganizi dayoksaidi (MnO2), unga mweusi. Ukipata wa maabara chukua huo. Usipopata, utoe kwenye mawe ya redio, naeleza chini.
- Feriki kloraidi. Mafundi wa elektroniki wanaitumia kuchonga bodi za sakiti, iko kwenye maduka yao.
- Mrututu, yaani kopa salfeti, yale mawe ya bluu ya maduka ya pembejeo.
- Zinki salfeti ya maabara. Usitumie vidonge vya zinki vya watoto wa kuharisha, vina vitu vingine vya kukifanya kidonge kimumunyike na vitakuchanganya.
- Chumvi ya mezani, kidogo.
- Kobalti kloraidi gramu 0.2 na chumvi ya Rochelle gramu 5, kwa sehemu ya mwisho.
- Testi tyubu sita, au chupa ndogo za kioo zinazofanana.
- Mizani inayosoma gramu 0.01. Zile ndogo za masonara zinafaa kabisa na siyo ghali.
- Sindano za plastiki za ml 5, 10 na 20 za kupimia, silinda ya ml 100, mpira wa dripu MPYA kutoka duka la dawa (usiokote wa hospitali), beseni, karatasi ya kuchujia, vijiti vya mbao, kibiriti, simu kwa ajili ya saa.
- Miwani ya kukinga macho na glavu. Hivi siyo mapambo.

Soma hapa kabla hujafungua chupa yoyote

Usitumie peroksaidi kali. Zile video za povu linalopanda mpaka dari wanatumia ya asilimia 30 au zaidi, hiyo inachoma ngozi ikawa nyeupe papo hapo na ikikutana na kichocheo inachemka yenyewe. Wewe baki kwenye 3 na 6.

Usifunge chombo. Kamwe. Peroksaidi na kichocheo ndani ya chupa iliyobanwa kifuniko ni bomu, gesi haina pa kwenda. Kila mtambo kwenye mwongozo huu una mdomo wazi au mpira wa kutolea gesi, usiupinde wala usiukalie.

Na kitu kikishatoka kwenye chupa ya peroksaidi hakirudi humo. Chembe moja ya unga mweusi ikiingia kwenye chupa kubwa, chupa nzima itaanza kuchemka taratibu kabatini.

Hatua zenyewe

1. Hakikisha peroksaidi yako bado ni nzima. Kata kipande cha kiazi mbatata kibichi, dondoshea matone mawili. Povu likitoka, endelea. Kimya? Peroksaidi imekufa, imeshageuka maji, rudi dukani. Kiazi kina kimeng'enya kinaitwa katalesi, na katikati ya katalesi kuna chuma, kwahiyo hata hapo ni metali ya mpito inafanya kazi. Ndiyo hiyohiyo inayofanya kidonda kitoe povu ukikimwagia.

2. Andaa unga mweusi. Kama una wa maabara ruka hatua hii. Kama huna, tafuta jiwe la redio la aina ya zamani, lile la bei ya chini la zinki na kaboni. SIYO alkalaini, ndani yake kuna potasiamu haidroksaidi ambayo inaunguza. SIYO betri ya simu wala betri yoyote ya kuchaji, hizo zinashika moto. Vaa glavu, tandika gazeti, chana ganda la nje kwa koleo, toa kijiti cha kaboni cha katikati, kisha kwangua ule unga mweusi unaokizunguka. Ukimwagika kwenye shati jeupe la shule hilo shati limeisha, nakuambia mapema.

Unga huo una chumvi nyingine ndani, kwahiyo utie kwenye maji mengi, koroga, acha utuame, mwaga maji ya juu, rudia mara nne au tano, halafu chuja na anika. Utabaki na manganizi dayoksaidi iliyochanganyika na kaboni. Kwa kuonyesha povu inatosha sana. Kwa ile hatua ya kupima uzito ni bora upate ya maabara, maana kaboni ni laini mno na nyingine inapita kwenye karatasi.

3. Panga testi tyubu sita, ziandike. Ya kwanza haina kitu. Ya pili unga mweusi, ncha ya kijiko. Ya tatu matone matano ya feriki kloraidi iliyozimuliwa mpaka iwe rangi ya chai ya rangi. Ya nne mrututu, punje ndogo iliyoyeyushwa kwenye ml 1 ya maji. Ya tano zinki salfeti hivyohivyo. Ya sita chumvi ya mezani hivyohivyo. Ile ya kwanza isiyo na kitu watu wanaiona ya kijinga wanaiacha, afu baadaye hawana cha kulinganisha nacho.

4. Tia peroksaidi ml 5 kwenye kila moja, washa saa. Utaona hivi. Unga mweusi unalipuka povu palepale na testi tyubu inapata joto ukiishika. Feriki kloraidi inatulia kidogo, inageuka kahawia iliyokolea, halafu mapovu yanaanza na yanaongezeka. Mrututu ni mvivu, vijipovu vichache vinang'ang'ania kwenye kioo, usimhukumu mapema, tumbukiza hiyo tyubu kwenye maji ya uvuguvugu utaona inachangamka. Zinki kimya. Chumvi kimya. Isiyo na kitu kimya.

Hapo sasa una habari ya maana, siyo ile ya tyubu moja inayotoa povu. Mrututu na zinki salfeti zote ni chumvi za salfeti, kwahiyo salfeti siyo inayofanya kazi. Feriki kloraidi na chumvi ya mezani zote zina kloraidi, kwahiyo kloraidi siyo. Kinachobaki ni metali. Andika hilo kwenye ripoti yako, walimu wachache sana wanalipata kwa wanafunzi.

5. Thibitisha gesi. Washa kijiti, kizime kibaki na kaa jekundu, kishushe kwenye mdomo wa tyubu ya pili. Kinawaka tena, ni oksijeni. Usikigusishe kwenye povu, kitalowa kitazimika kisha useme gesi siyo oksijeni.

6. Tengeneza mtambo wa kupimia gesi. Chukua chupa ndogo ya plastiki, toboa kifuniko, pitisha mpira wa dripu, ziba kwa gundi ya silikoni na uache ikauke vizuri usiku kucha. Jaza silinda ya ml 100 maji, igeuze ndani ya beseni la maji bila kuingiza hewa, ingiza ncha ya mpira chini yake. Kupima kama inavuja: minya chupa taratibu, mapovu yatoke kwenye silinda tu, paka maji ya sabuni kwenye kifuniko uangalie kama kuna pengine panapochemka. Kuvuja ndiyo adui namba moja, zaidi ya nusu ya matokeo mabovu ninayoletewa ni kifuniko kinachovuja. Ukimaliza kupima jaza silinda upya, maana ulishaingiza hewa.

7. Pima mara mbili kwa viwango tofauti. Tia peroksaidi ya asilimia 3, ml 5 kamili, ndani ya chupa. Pima unga mweusi gramu 0.10, uweke kwenye kichupa kidogo cha sindano kilichosimama wima ndani ya chupa kubwa ili usigusane na peroksaidi kwanza. Funga kifuniko chenye mpira (mpira uko wazi upande wa pili, kwahiyo hujakiuka lile onyo), inamisha chupa kichupa kianguke, washa saa. Soma silinda kila sekunde 10 mpaka isiongezeke tena. Halafu safisha kila kitu, rudia na unga gramu 0.50.

Ya 0.50 itakwenda mbio zaidi. Ila mwisho wa yote silinda zitasoma karibu sawa. Hapa ndipo penye utamu wote wa zoezi, na hapa ndipo wengi wanaamini wamekosea wanaanza kubadilisha namba. Usibadilishe! Oksijeni inatoka kwenye peroksaidi, siyo kwenye unga, na peroksaidi ilikuwa ileile ml 5. Kichocheo hakiongezi mazao, kinaharakisha tu kuyafikia.

Utegemee ngapi? Kama peroksaidi ni ya asilimia 3 kweli, ml 5 zinatoa oksijeni karibu ml 55 ukiwa Dar au Mombasa kwenye joto la 30. Ukiwa Nairobi, kwa sababu mji uko juu na mgandamizo wa hewa ni mdogo, gesi ileile inatanuka inafika karibu ml 65. Kwahiyo usinakili namba ya mwenzako wa Pwani ukiwa Nairobi, mwalimu makini atakushika. Ukipata pungufu sana, aidha peroksaidi imezeeka au kunavuja.

8. Rudisha kichocheo. Pima karatasi ya kuchujia ikiwa kavu, andika uzito wake juu yake kwa penseli. Chuja mchanganyiko wa ile gramu 0.50, suuza chupa kwa maji ukimwagia kwenye chujio hilohilo mpaka hakuna weusi unaobaki ndani. Anika karatasi juani ikiwa imefunikwa kitambaa chepesi upepo usipeperushe unga. Pima, anika tena, pima tena, mpaka uzito uache kushuka. Toa uzito wa karatasi.

Utapata kitu kama 0.47 au 0.49. Pungufu hiyo imebaki kwenye chupa na vidole vyako, haijaliwa na mmenyuko. Ukipata ZAIDI ya 0.50 basi bado kuna maji, rudisha juani.

9. Tumia unga uleule tena. Kwangua unga uliokauka, mwagie ml 5 mpya za peroksaidi. Povu lilelile. Sasa ndiyo una haki ya kuandika neno kichocheo kwenye hitimisho.

10. Kobalti: andaa maji ya tartreti. Kuanzia hapa mpaka hatua ya 13 ni kwa wa kidato cha tano na sita na walimu, mwanafunzi wa chini aangalie akiwa na mwalimu. Kobalti kloraidi ni sumu, usiishike kwa mkono mtupu na usivute vumbi lake.

Yeyusha chumvi ya Rochelle (ndiyo yenye tartreti) gramu 5 kwenye maji ml 60 ndani ya bika kubwa, ml 600 au zaidi, maana itapanda. Huna chumvi ya Rochelle? Kuna njia ya jikoni: chukua krimu ya tata gramu 3.3, ile ya waoka keki, tia kwenye maji ya moto ml 60, kisha ongeza bekin soda gramu 1.5 kidogo kidogo, itatoa povu la kaboni dayoksaidi mpaka itulie. Umeshapata chumvi ya Rochelle gramu 5, imeyeyuka tayari. Angalizo, ni bekin SODA siyo bekin pauda, pauda ina wanga na utapata uji.

11. Pasha na ongeza peroksaidi. Pasha maji hayo mpaka karibu digrii 70, yanafuka lakini hayachemki. Ongeza peroksaidi ya asilimia 6, ml 20. Kama unayo ya 3 tu, anza na maji ml 40 badala ya 60 halafu tia peroksaidi ml 40, inakuja kulekule. Rudisha joto lifike kati ya 60 na 70, zima moto. Angalia kwa dakika moja: vijipovu vichache tu, karibu hakuna kinachotokea. Usiiruke dakika hii, ndiyo tyubu yako isiyo na kitu.

12. Tia kobalti. Yeyusha kobalti kloraidi gramu 0.2 kwenye maji ml 5, ni waridi nzuri. Mwaga yote kwa mpigo, rudi nyuma hatua moja.

Mwanzoni bika zima ni waridi hafifu na unaweza kudhani imegoma. Halafu rangi inaanza kuchafuka, inakuwa kijani, kijani inakolea, na kadri inavyokolea ndivyo mapovu yanavyozidi mpaka yanapanda kwenye kuta za bika. Baadaye povu linashuka lenyewe, kijani inafifia, na waridi inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Ni dakika chache tu kwa joto hilo, kwahiyo mwenye simu arekodi tangu mwanzo asisubiri kuambiwa.

Kilichofanyika: peroksaidi imeichukua kobalti ya waridi yenye chaji 2 ikaipandisha kuwa 3, hiyo ndiyo kijani. Hiyo ya kijani ikaivunja tartreti kutoa kaboni dayoksaidi, na kwa kufanya hivyo ikashuka tena kuwa 2, waridi. Peroksaidi nyingine ikaipandisha tena. Inazunguka hivyo mpaka peroksaidi inakwisha. Ukiwa na manganizi huwezi kuona mzunguko huu, unga ni mweusi mwanzo mweusi mwisho. Ndiyo maana naipenda kobalti pamoja na usumbufu wake.

13. Ikamate ile kijani, kisha rudia. Ikiwa imekolea kijani, nyonya kidogo kwa sindano uweke kwenye testi tyubu iliyozama kwenye maji ya barafu. Mmenyuko unapungua kasi na kijani inabaki muda mrefu, una kitu cha kumwonyesha aliyechelewa. Bika likisharudi waridi na bado ni la moto, ongeza peroksaidi ml 10. Kijani tena, povu tena, waridi tena. Kobalti ni ileile, hujaongeza hata chembe.

Makosa ninayoyaona sana

Pamanganeti. Watu wanaichukua duka la dawa kwa sababu ina manganizi na ikigusa peroksaidi inarusha povu vizuri tu. Lakini inaliwa! Zambarau inapotea na kunabaki matope ya kahawia, ambayo ni manganizi dayoksaidi iliyotengenezwa hapohapo, na hayo matope ndiyo yanaendelea na kazi. Kwahiyo pamanganeti yenyewe ni kitendanishi siyo kichocheo, na kwa peroksaidi kali ni hatari kweli.

Divelopa ya saluni. Ni peroksaidi ndiyo, volyumu 20 ni asilimia 6, ila ikiwa krimu imechanganywa na mafuta na vingine, inatoa povu zito lisilopimika na haichujiki.

Kuweka sabuni ya maji ili povu lipande. Inapendeza kwa wageni siku ya wazazi, ila ukitaka kupima gesi usiguse sabuni, povu litaingia kwenye mpira.

Kujaza unga kijiko kizima. Unga mwingi kupita kiasi unamaliza mmenyuko ndani ya sekunde chache, huna muda wa kusoma silinda hata mara tatu.

Kuandika "kichocheo hakishiriki kwenye mmenyuko". Kinashiriki sana, umeona kobalti ikigeuka kijani kwa macho yako. Sema hakitumiki mpaka kuisha, au kinarudi katika hali yake mwishoni.

Ikigoma

*Hakuna povu kabisa hata kwenye unga mweusi.* Rudi hatua ya 1, fanya kipimo cha kiazi. Kama kiazi kinatoa povu, basi unga wako siyo manganizi dayoksaidi, pengine ulikwangua kijiti cha kaboni chenyewe.

*Feriki kloraidi au mrututu havifanyi kitu.* Peroksaidi za dukani huwa zinatiwa dawa ya kuzituliza zisivunjike, na baadhi ya hizo dawa zinazikamata ayoni za metali. Ongeza matone, pasha kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, au jaribu chupa ya kampuni nyingine.

*Zinki nayo inatoa povu.* Tyubu haikuoshwa, au zinki uliyonunua ni ya mbolea na ina chuma ndani. Osha kwa maji safi, tumia ya maabara.

*Gesi inapungua kila nikirudia kwa unga uleule.* Kama unga unapotea kwenye kuchuja, hiyo ni kasi tu itapungua, jumla ya gesi isibadilike. Ikibadilika jumla, ni peroksaidi inachoka au kuna uvujaji. Na kama kasi inashuka ingawa uzito uko palepale, uso wa unga umepakwa kitu, sabuni au mafuta ya mkono. Hii inatokea hata kwenye magari: masega ya ekzosi, yaani kile kichocheo cha kusafisha moshi wa gari, yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na risasi iliyokuwa kwenye petroli ilikuwa inaufunika uso wa hizo metali mpaka masega yanakuwa pambo tu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, na mwaka 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi likatangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani, nayo imeacha.

*Kobalti imebaki waridi, haigeuki.* Joto ni dogo. Ikiwa 40 utasubiri mpaka uchoke. Pasha taratibu ufike 60. Na wa miji ya juu wanaokisia joto kwa kuangalia mvuke wawe makini, maji ya Nairobi yanachemka kwenye 94 hivi, tumia kipimajoto.

*Imegeuka kijani haijarudi.* Peroksaidi ni nyingi kuliko tartreti, au imepoa. Pasha kwanza. Ikigoma ongeza chumvi ya Rochelle gramu 1.

*Imefurika mezani.* Bika dogo. Futa kwa kitambaa chenye maji mengi ukiwa na glavu.

Kumwaga

Peroksaidi iliyokwisha kutoa gesi ni maji, mwaga. Unga mweusi chuja utunze, utautumia na darasa linalofuata. Mrututu usimwage kwenye mfereji unaokwenda kwenye bwawa la samaki wala mtoni, unaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Kobalti weka yote kwenye chupa moja ya plastiki, andika jina na tarehe, acha wazi bila kifuniko siku nzima kwanza ili gesi iishe, ndipo ufunge na kuipeleka kwenye taka za kemikali za shule au za chuo kilicho karibu. Usiiache kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya juisi, ina rangi ya sharubati na mtoto ataionja.